Ua la Boga

Mama Chiriku alilitambua ua lake likiwa kiunoni mwa mtu mwingine.

Ibada ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakitoka kwa kusukumana taratibu, kama wanavyosukumana watu waliotoka kusali. Mbele yake ulikuwapo mgongo mpana wa Mwenyekiti wa akina mama. Juu ya mgongo ule, kutoka mabegani hadi kwenye pindo la sketi, yalitambaa maua ya manjano yenye majani makubwa, pamoja na vile vikono vyembamba vinavyojisokota kutafuta pa kushika. Alidhani macho yake yamechoka. Akasogea karibu. Katika kila ua la tatu, petali moja ilikuwa ya rangi ya chungwa badala ya manjano, na hapo shaka ikamtoka. Mwaka ule alipotarizi kitambaa cha madhabahu uzi wa manjano ulimwishia, hakuwa na cha kununulia mwingine, akaimalizia petali moja kwa uzi wa chungwa uliobaki kwenye mto wa harusi ya watu. Upungufu wake wa siku moja sasa ulikuwa umechapishwa na mashine, ukarudiwa na kurudiwa mpaka kwenye makalio ya Mwenyekiti.

Nje ya mlango ilikuwapo meza yenye marundo ya kitambaa kile kile, na Katibu nyuma yake akikunjua na kukunja.

"Mama Mwenyekiti, umependeza," alisema Mama Chiriku.

"Tutapendeza wote, mama. Hii ndiyo sare ya jubilei. Shika uone, nzito hii, maji hayaifanyi kitu."

"Na ua hili..."

"Yungiyungi la bondeni. Si limeandikwa pale kwenye pindo? Soma."

Alisoma. Ilikuwa imeandikwa hivyo kweli, kwa herufi kubwa, kuzunguka pindo lote.

Mama Chiriku aliishi kwa kutarizi. Mito ya maharusi, mashuka ya wazazi, vitambaa vya makochi, vyote vilipita mikononi mwake, na mtu akimsifu alikuwa na jibu moja tu, analolitoa huku akiangalia chini: "Si mimi, nilipewa." Wengine walidhani ni maringo yaliyovishwa nguo ya unyenyekevu. Hayakuwa maringo. Kila alipotunga uzi kwenye sindano alisema kimoyomoyo, "Bwana, ongoza mkono," na mkono ulipokwenda vizuri hakuona sababu ya kumdhulumu aliyeuongoza sifa yake.

Katibu alipaza sauti. Askofu atakuja siku ya jubilei, na siku hiyo hiyo atatoa kipaimara. Kila mama atamshika mtoto wake mkono na kumpeleka mbele. Akina mama wote wavae sare. Mtoto ambaye mama yake hana sare atasindikizwa na mzee wa kanisa.

"Mama," alisema binti yake kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini, "si lile ua letu la chooni hilo?"

Watu wawili waligeuka. Mama Chiriku akamvuta mkono wakaondoka.

*

Fundi alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya beseni la maji, akizungusha mpira wa baiskeli ndani yake ili aone povu linatokea wapi.

"Baba, ua la mama linauzwa," alianza binti kabla hajavua viatu. Hakuitwa Chiriku bure. "Limejaa mezani pale nje ya kanisa. Na limebadilishwa jina kama mtu aliyebatizwa ukubwani. Eti yungiyungi."

"Ua gani?"

"La choo."

"Choo kina ua?"

"Lile boga, baba. Lile lililopanda lenyewe ukuta wa choo mwaka ule wa ukame, mama akawa anakwenda kuliangalia mpaka ukauliza kama tumbo linamsumbua."

Fundi alikumbuka, akacheka. Kisha akamtazama mkewe, akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa kupenda mzaha lakini alijua kusoma uso, hasa uso huo.

"Hawakukuambia?"

"Wangeniambia nini? Mwenyekiti alikipiga picha kitambaa cha madhabahu kwa simu. Nilikuwapo. Nilidhani amekipenda."

"Basi amekipenda." Akaona povu, akalifunika kwa kidole gumba. "Sasa sikiliza, mama Chiriku. Nunua. Ile akiba ya viatu vyake itatosha, na viatu nitavishona hivi vya zamani. Mtoto anapata kipaimara mara moja."

"Ninunue ua langu?"

"Hata mtengeneza majeneza hununua jeneza."

"Hanunui yeye. Hununuliwa, tena akishakufa."

Fundi aliutoa mpira majini. Akaukausha mpira kwa shati lake kuukuu na kukwaruza mahali penye tundu.

"Nitakwenda kusema nao," alisema mkewe. "Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni."

"Wahenga hawakuwa na kamati," alisema Fundi.

*

Alimkuta Mwenyekiti sebuleni kwake, miguu imetumbukizwa kwenye beseni la maji ya moto. Ilikuwa imevimba. Tangu asubuhi alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba na mzigo wa vitambaa kichwani, maana fedha za kiwanda alizitanguliza yeye kwa kuuza ng'ombe wake wa maziwa, na paa la kanisa lilikuwa linavuja juu ya kinanda. Mchungaji alikuwa kwenye kochi la pembeni na kikombe cha chai. Marobota yalijaza chumba hadi dirishani, kwa hiyo Mama Chiriku akaketi juu ya robota moja, juu ya maua yake.

"Karibu, mama. Umekuja kuchukua yako?"

"Nimekuja kwa neno moja tu, Mama Mwenyekiti. Na ni vizuri Baba Mchungaji yupo."

Akalisema. Hakutaka pesa. Alitaka Jumapili, katika matangazo, isemwe kwamba mchoro ule ulitoka kwenye sindano yake. Na isemwe kwamba ni ua la boga.

"Nakuelewa, mama," alisema Mchungaji. Alikuwa mtu mwema, na kama watu wema wengi, alianza kwa kuelewa ili asilazimike kuendelea mbele zaidi. Akapuliza chai. "Lakini unajua, tukianza kutaja majina hatutamaliza. Kuna aliyechonga mabenchi. Kuna aliyechimba msingi, Mungu amrehemu. Wote hao tutawasemaje?"

"Semeni."

Mwenyekiti aliinua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha majini. "Nikuulize, mama. Siku ile tulipokusimamisha mbele ya kanisa tukushukuru kwa kile kitambaa, ulisemaje?"

"Nilishukuru."

"Ulisema neno. Watu wakapiga makofi."

"Nilisema nilipewa."

"Na nani?"

"Na Mungu."

"Basi. Aliyekupa wewe ndiye aliyetupa sisi. Au siku ile ulikuwa unapamba maneno?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepiga hesabu na kuona imetoka sawasawa.

Mama Chiriku aliyaangalia maua aliyoyakalia. Neno alilolitumia miaka yote kama kitambaa cha kufutia sifa lilikuwa limegeuka kamba, na yeye ndiye aliyeisokota. Akisema ua ni lake, basi siku ile alisema uongo mbele ya madhabahu. Akisema alipewa, hana dai.

"Hata mtoto nilipewa," alisema mwishowe, polepole, kwa sababu alikuwa akilitafuta neno huku analisema. "Lakini akilia usiku, anayeamka ni mimi."

Mchungaji aliinua uso. "Neno zuri sana hilo, mama," alisema, na kwa kitambo akawa kama mtu anayetaka kitu cha kuandikia.

"Na boga?" aliuliza Mama Chiriku. "Kwa nini mmeliita yungiyungi?"

"Mama," alisema Mwenyekiti, "askofu atatuuliza hili ni ua gani. Mimi nitamjibu nini? Mboga?"

"Ndilo lililochanua."

"Yapo yaliyochanua mengi."

Akauliza basi kitambaa chenyewe cha madhabahu kiko wapi, apate angalau kuwaonyesha watu. Kilipelekwa kiwandani wachukue rangi. Hakijarudi. Wanasema wanakitafuta. Na kwa vyovyote kilikuwa kimechakaa, madhabahu ilikwisha kushonewa kipya, cha kitambaa hiki hiki cha sare, ili vifanane.

Aliposimama kuaga, Mwenyekiti alimfuata hadi mlangoni akiacha alama za nyayo zenye maji sakafuni. Akamshika bega na kushusha sauti, Mchungaji asisikie.

"Kama tatizo ni bei, mama, usione haya. Tumeweka bei ya wajane."

"Mume wangu yu hai."

"Najua yu hai. Nasema bei tu."

*

Kwa siku mbili hakushika sindano. Siku ya tatu alifungua sanduku, akatoa shuka jeupe la wageni ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulilalia, akalitandaza mezani na kulipiga chaki kwa kipimo cha mwili wake.

"Unashona nini?" aliuliza Fundi.

"Sare."

Fundi aliangalia chaki, akamwangalia mkewe. Akatoka. Jioni alirudi na kifurushi cha nyuzi: alikuwa amemtengenezea fundi cherehani wa barabarani baiskeli yake nzima, breki na mnyororo na yote, wakabadilishana. Nyuzi za manjano zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo kwa wakati mmoja.

"Zinatosha?"

"Zitabaki," alisema mkewe, na tangu Jumapili ile hapo ndipo alipotabasamu.

Alizilowesha kwanza kwenye maji ya chumvi zisije zikatoa rangi kwenye nguo nyeupe. Akazianika kivulini. Alibana kitambaa kwenye fremu ya duara, akaanza na shina kwa mshono wa mnyororo, kila kitanzi kikishika mguu wa kilichotangulia, kisha majani, kisha vile vikono ambavyo mashine ya kiwanda ilivichora vinene kama minyoo. Yeye alivifanya kwa uzi mmoja uliochambuliwa kutoka kwenye msokoto, vyembamba mpaka lazima usogeze uso. Maua aliyaacha mwisho. Kila alipotunga uzi alisema yale maneno yake, na ingawa alianza akiwa na hasira, hasira haikudumu ndani ya kazi. Ilikwenda ikakaa pembeni kama paka. Kulikuwa na mchana mmoja, binti yuko shuleni, mtaa umetulia, jua limeingia kwa mlango na kufika magotini, ambapo alihisi kwa hakika kwamba hayuko peke yake mezani. Hakuona kitu wala hakusikia kitu. Alijua tu, kama unavyojua mtu amesimama nyuma yako anaangalia unachofanya na anakipenda.

Alipofika kwenye ile petali, akasita. Uzi wa chungwa ulikuwapo. Lakini uzi wa manjano ulikuwapo pia, tele, na hakuna kilichomlazimisha tena. Miaka yote petali ile ilimkera kila alipopiga magoti mbele ya madhabahu. Alikuwa akisali huku jicho moja likiangalia kosa. Sasa angelisahihisha. Akaishona ya manjano, na nyingine zote pia za manjano, maua yakatoka mazima kama yalivyokuwa kwenye ukuta wa choo.

Jumapili ya mwisho kabla ya jubilei hakwenda kanisani. Pindo lilikuwa halijaisha. Chiriku alikuwa kwenye chumba cha mafundisho ya kipaimara tangu mwanzo wa ibada, na Fundi, ambaye husinzia wakati wa matangazo, alirudi bila habari yoyote.

"Mama," alisema Chiriku siku mama yake alipolijaribu gauni mbele ya kipande cha kioo, "na wakiikataa?"

"Wakatae nini? Sare ni ua. Ua si hili?"

Binti alizunguka nyuma yake, akazunguka mbele. Alikuwa na maneno ya kila kitu lakini kwa hilo alichukua muda. "Ile ya kwao imelala," alisema. "Hii inapanda."

*

Siku ya jubilei mlango wa kanisa ulisimamiwa na Mzee wa Mlangoni, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Watoto wa kipaimara walikuwa wamepangwa ukumbini, wasichana kulia, wavulana kushoto, na akina mama wakipita mmoja mmoja kwenda kusimama pembeni mwa watoto wao. Mama Chiriku alipofika, mzee alinyoosha mkono, akauzuia mlango kwa upole.

"Samahani, mama. Hii siyo."

"Siyo nini, mwalimu?"

"Siyo sare. Ni ya kuigiza." Alisogeza miwani na kuinama kutazama. "Tulitangaza Jumapili. Kuna wafanyabiashara sokoni wameghushi. Sare halali ina petali ya chungwa, moja kila ua la tatu. Hiyo ndiyo alama yake. Yako haina."

Nyuma yake mstari ulikuwa umesimama. Alisikia mtu akisema, "Kajishonea," na mwingine, "Si bora angeomba kusaidiwa," na mwingine akicheka puani.

"Mwalimu," alisema. "Ile petali ya chungwa ni kosa. Uzi uliniishia."

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi na alikuwa amesikia sababu za kila aina. "Mama yangu, kosa halichapishwi nguo mia tatu," alisema. "Sogea kidogo wenzako wapite."

Akasogea. Wakapita. Kila aliyepita alipita na maua yake, na petali zao za chungwa zote mahali pake. Fundi alikuwa ameshaketi upande wa wanaume, hakuona. Kinanda kilianza. Kupitia mlangoni alimwona Chiriku kwenye mstari, na kando yake nafasi tupu, na mzee mmoja wa kanisa mwenye suti ya kahawia akianza kusogea kuijaza.

Ndipo Mwenyekiti akatokea kwa haraka, anachechemea kwa ile miguu, jasho likimtoka. Alitazama gauni mara moja. Huenda aliona, alikuwa mwanamke mwenye jicho. Huenda kweli aliona vile vikono, na maua yanavyopanda, akaelewa anatazama nini. Kama aliona, wakati haukuwapo. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha sare kilichokunjwa, cha akiba.

"Jitande hii. Kuanzia mabegani, ifike chini. Haraka, mama."

"Mama Mwenyekiti, hili ndilo..."

"Leo si siku yake. Usimtie mtoto aibu mbele ya askofu."

Chiriku alikuwa amewaona. Alitoka kwenye mstari, kitu ambacho walikatazwa wasifanye kabisa, akaja hadi mlangoni na gauni lake jeupe la kukodi.

"Usijitande, mama," alisema. Hakupunguza sauti. "Nitakwenda na huyo mzee. Au nitakwenda peke yangu. Mimi sijali."

Mama Chiriku alikitazama kitambaa mkononi mwa Mwenyekiti. Alimtazama binti yake, aliyekuwa akijali mpaka kidevu kinatetemeka. Mama akijua kutarizi anajua pia mahali pa kukata uzi.

"Rudi kwenye mstari," alisema.

"Mama..."

"Nimesema rudi."

Akajitanda. Mwenyekiti alimsaidia kubana kwa pini mbili za kichwa begani, akavuta hapa na pale mpaka hakuna weupe uliobaki unaonekana, akampigapiga mgongoni kama unavyompigapiga mtoto aliyekubali dawa. Yungiyungi la bondeni likafunika boga. Mzee wa Mlangoni aliinua mkono wake, mlango ukawa wazi, na Mama Chiriku akaenda kusimama mahali pake.

Katika mahubiri Mchungaji alisema juu ya vipaji. Alisema kila kitu tumepewa. "Hata mtoto umepewa," alisema, akatulia kama anayelitafuta neno huku analisema, "lakini akilia usiku, anayeamka ni nani? Ni wewe mama." Kanisa zima likaitikia amina. Mwanamke aliyekuwa karibu na Mama Chiriku alifuta machozi, akamnong'oneza, "Mtumishi huyu amepakwa mafuta." Chiriku aligeuka kumtazama mama yake. Mama yake alitazama mbele, kwenye madhabahu mpya.

Walipopiga magoti, askofu aliweka mkono juu ya kichwa cha Chiriku na kukaa nao pale kwa muda unaofaa. Mama Chiriku alitaka kusali. Alikuwa na sala aliyoitayarisha, fupi, ya kumwombea mtoto. Lakini joto la nguo mbili, moja juu ya nyingine, lilikuwa limemshika, mafundo ya nyuzi zake yakimchoma shingoni, na kilichotoka kilikuwa swali. Alimuuliza yule aliyekaa naye mezani siku ile ya jua: Wewe ulikuwapo, mbona umenyamaza? Askofu akasema amina, akahamia mtoto wa pili.

Baadaye, uwanjani, askofu alimpa Mwenyekiti mkono na kumwambia amependezwa mno na sare, kwamba ubunifu wa namna hii ndio unaoijenga jumuiya. Mwenyekiti akasema ni kazi ya akina mama wote.

Mama Chiriku alisubiri watu wapungue, akatoa pini zile mbili, akakunja kitambaa mara nne na kumpelekea kwa mikono miwili.

"La, mama," alisema Mwenyekiti, akiwa bado na furaha usoni. "Usinirudishie na jasho. Ifue kwanza."

*

Kesho yake aliifua. Aliifua kwa mkono, kwa sabuni ya kipande, akaisuuza maji matatu. Chiriku alikaa kwenye kizingiti, amekunja mikono, hataki kula wala kwenda shule.

"Ungeiacha ilivyo," alisema. "Ungemtupia mlangoni."

"Imeazimwa," alisema mama yake. "Cha kuazima hurudishwa kizuri."

Jirani alichungulia juu ya ua wa mabati. Alikuwa mtu wa kusema alichonacho. "Mama Chiriku, hatimaye ulinunua! Nilikuona jana, ulipendeza wewe. Waliniambia ulikuja na ya sokoni, nikasema haiwezekani, yule anajiheshimu."

"Asante, jirani."

Ilipokwisha kukauka aliipiga pasi juu ya meza ile ile ya kazi, pindo kwa pindo, akaikunja mistari ikutane. Gauni lake jeupe la maua ya boga lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. Fundi alikuwa amelitundika mwenyewe, bila kuulizwa, mahali ambapo mtu akifungua mlango linajificha na akifunga linaonekana.

Alipoipeleka, Mwenyekiti alikuja langoni kwake pekupeku. Hakumkaribisha ndani, alikuwa na wageni wa kuhesabu mapato ya paa. Alikunjua kitambaa kidogo, akakipitisha mkononi kwa jicho la mwenye mali, akaridhika. Kisha akasimama. Karibu na pindo, juu ya herufi, ulikuwa umenasa uzi mmoja wa manjano, mfupi, uliotoka kwenye meza ya kazi. Mwenyekiti aliubana kwa kucha mbili, akauvuta, akaupuliza kutoka kidoleni. Ukaangukia mchangani kati yao.

"Umeipiga pasi vizuri," alisema. "Una mikono wewe."

"Asante kwa kuniazima, Mama Mwenyekiti."

Alirudi kwa njia ya nyuma, inayopita penye majalala, asikutane na watu. Fundi alikuwa uani na baiskeli ya mtu kichwa chini miguu juu, anazungusha gurudumu na kusikiliza mlio wake. Alilisimamisha kwa kiganja alipomwona.

"Kasemaje?"

"Kasema napiga pasi vizuri."

Fundi alianza kucheka, maana lilikuwa na sauti ya mzaha. Kisha akaona mwenzake hacheki, naye akalizungusha tena gurudumu, wakasimama wote wawili wakilitazama linavyozunguka mpaka likaisha nguvu.